Eskaveta Moja, Ratiba Tatu

Jioni moja ya Februari opereta wetu wa eskaveta alipigiwa simu tatu ndani ya saa moja. Ya kwanza ilitoka Kibaha, ambako tulikuwa tunaanza msingi wa vyumba vya madarasa. Ya pili ilitoka Bagamoyo, kwenye tangi la maji, na ya tatu ilitoka kwenye barabara ya changarawe nje ya Chalinze, ambako tulitakiwa kuweka makalavati kabla ya masika. Wasimamizi wote watatu walimwambia jambo lile lile kwa heshima ile ile: "Mzee, Jumatatu tunakutegemea." Hakubishana na yeyote kati yao. Alinipigia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa naandaa ratiba za miradi yote mitatu, akaniuliza alale wapi Jumapili. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kilichoniumiza usiku ule ni kwamba ratiba zote tatu zilikuwa sahihi. Nilizifungua moja baada ya nyingine, na katika kila moja eskaveta ilionekana imepangiwa kazi kwa asilimia 100, haijazidiwa hata kwa saa moja, wala hapakuwa na mstari mwekundu popote. Kila faili lilikuwa na eskaveta yake. Kwa programu ya kompyuta ninayopangia ratiba, kampuni ilikuwa na mitambo mitatu; uani kwetu ulikuwepo mmoja. Nilikuwa nimeiandika mashine ile mara tatu bila kuiambia programu kwamba ni ile ile, na programu haina namna ya kutoka nje ikahesabu.

Ninatumia Microsoft Project, na nitaizungumzia hiyo zaidi kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu. Njia inayotolewa na programu hiyo kwa tatizo hili ni kuwa na faili moja la pekee ambalo halina kazi yoyote ndani yake, ila orodha ya rasilimali tu: watu, mitambo, magari na kalenda zao. Mimi huliita hifadhi. Mafaili ya miradi huunganishwa na hifadhi hiyo, kisha kila mradi huazima kutoka humo badala ya kujiandikia wake. Mradi wa Kibaha ukimpangia opereta wiki moja, wiki hiyo inaandikwa kwenye hifadhi, na aliyefungua ratiba ya Bagamoyo ataona kwamba mtu huyo ameshachukuliwa. Wenye kutumia Primavera P6, programu nyingine ya kupanga ratiba, wameepushwa na hatua hii, kwa sababu humo rasilimali hukaa kwenye kanzidata moja ya taasisi nzima tangu mwanzo na miradi yote huchota hapo. Lakini kampuni nyingi za ujenzi za ukubwa wa kwetu hufanya kazi kwa mafaili yaliyotawanyika, na hifadhi inapaswa kujengwa kwa mkono.

Nilidhani kuijenga ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua siku mbili, na sehemu kubwa ya siku hizo ilikwenda kwenye majina. Programu hutambua rasilimali kwa jina. Katika faili la Kibaha nilikuwa nimeandika "Eskaveta", la Bagamoyo "Eskaveta 1", na la Chalinze, lililoanzishwa na mwenzangu, lilikuwa limeandikwa "Kijiko". Nilipoyaunganisha mafaili matatu na hifadhi, programu iliyapokea majina yote na kunionyesha mitambo mitatu, safari hii ikiwa imepangwa vizuri kwenye orodha moja. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa mpima ardhi wetu, ambaye alionekana mara mbili kwa sababu mahali pamoja jina lake la ukoo lilitangulia. Tangu hapo nina kanuni moja ambayo siivunji: hakuna anayeongeza rasilimali kutoka ndani ya faili la mradi. Jina huzaliwa kwenye hifadhi, linaandikwa kwa namna moja, lina namba ya mtambo inayofanana na ile iliyopakwa rangi kwenye bodi yake, na miradi hulichukua kama lilivyo.

Liko swali ambalo programu huuliza siku ya kuunganisha, na wengi hulipita haraka kwa kubonyeza ndiyo: taarifa za hifadhi na za mradi zikipingana, kipi kishinde? Mimi huchagua hifadhi ishinde, daima. Ukiuruhusu mradi ushinde, msimamizi aliyebadilisha kalenda ya mpima ili ionekane anafanya kazi Jumapili atakuwa amembadilishia kalenda kila mahali, na miradi mingine itaanza kumpangia Jumapili ambayo yeye yuko ibadani.

Jambo jingine linahusu kufungua hifadhi yenyewe. Programu hutoa njia tatu: kuifungua kwa kusoma tu, ambapo wengine wanaendelea na kazi zao, kuifungua kwa kuandika, ambapo unaweza kubadili viwango vya malipo na kalenda lakini unawazuia wengine kuihuisha, na kuifungua kwa kuandika pamoja na miradi yote iliyounganishwa nayo, ikiwa imekusanywa katika faili moja kuu. Katika wiki yetu ya kwanza mtu wa uhasibu aliifungua kwa njia ya pili ili kurekebisha malipo ya saa, kisha akaenda benki na kompyuta ikabaki vile vile hadi jioni. Wasimamizi walifanya mabadiliko siku nzima na hakuna hata moja lililofika kwenye hifadhi. Tulikubaliana kwamba anayefungua kwa kuandika atangaze kwenye kundi letu la simu na afunge ndani ya dakika kumi. Vilevile faili la hifadhi halihamishwi wala kubadilishwa jina, kwa sababu miradi huikumbuka kwa anwani ilipowekwa, na ikihamishwa, miradi haitajua pa kuitafuta.

Baada ya majina zilikuja kalenda, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimekosea kwa miaka kadhaa bila kujua. Kalenda ya kawaida ya programu ni siku tano, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na saa moja ya mapumziko mchana: saa 40 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu hapa Tanzania hadi saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa siku zisizozidi sita, na saa zisizozidi 9 kwa siku. Kwenye saiti zetu tunafanya kazi saa 8 kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa na saa 5 Jumamosi, jumla 45. Nilikuwa nimerekebisha kalenda ipasavyo, ila sikugusa mpangilio mwingine uliojificha kwenye chaguo za programu, unaosema wiki moja ni saa ngapi. Kwa hiyo nilipoandika kwamba uchimbaji utachukua wiki moja, programu ilihesabu saa 40, ikamaliza kazi Ijumaa jioni na kuiacha Jumamosi wazi. Msimamizi alikusudia wiki ya kwetu, yenye Jumamosi ndani yake. Kwa wiki nane, tofauti hiyo ni saa 40 kamili, yaani mtambo unaonekana una karibu wiki nzima ya kazi isiyo na mwenyewe. Mradi mwingine ukija kutafuta nafasi utaikuta hiyo na kuichukua kwa nia njema, halafu watu wawili watakutana Jumamosi asubuhi mbele ya mashine moja.

Mtambo pia una kalenda yake, na huwa tunasahau. Eskaveta yetu hufanyiwa matengenezo kila inapofikisha saa 250 za kazi, na siku hiyo haichimbi. Opereta ana likizo yake ya mwaka na ana Idi yake. Kwenye orodha, mtambo na opereta ni rasilimali mbili, na ni lazima zote mbili zipangiwe kila kazi ya kuchimba. Ukiupanga mtambo peke yake, ratiba itakuonyesha ukichimba msingi katika wiki ambayo mtu pekee anayeuendesha yuko Kondoa kwa mama yake. Sijaona kosa linalojirudia katika ratiba za wenzangu kama hili, kwa sababu mashine inaonekana na mtu aliyeko ndani ya kibanda chake haonekani.

Kuhusu masika, tumechagua kuzipa kazi zinazohitaji ardhi kavu kalenda yao wenyewe, yenye siku chache kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Anayejaribu hili ajue kwamba kazi yenye kalenda yake, ikipangiwa rasilimali yenye kalenda tofauti, itafanyika tu katika saa ambazo kalenda zote mbili zinakubali, na kwamba kuna kisanduku kinachoiambia programu ipuuze kalenda za rasilimali. Usikiwekee alama kisanduku hicho ili tarehe zipendeze. Nimeona ratiba iliyofanyiwa hivyo ikiwasilishwa kwa mteja, na kwa mujibu wake watu walikuwa kazini siku ya Muungano hadi usiku.

Hayo yote ni ya kuandaa mahali. Hifadhi ilipokamilika nilifungua miradi mitatu kwa pamoja, nikatazama matumizi ya rasilimali wiki kwa wiki, na mstari wa eskaveta ukawa mwekundu kwa wiki tano mfululizo: asilimia 300 wiki ya kwanza, 200 wiki tatu zilizofuata, kisha 300 tena. Nilifarijika kuuona wekundu huo. Ulikuwa ukweli ule ule ambao opereta aliujua kwa simu tatu, ila sasa uliweza kuwekwa mezani na kuonyeshwa kwa mkurugenzi.

Programu ina amri ya kusawazisha, inayochukua kazi zinazogombania rasilimali moja na kuzisogeza mbele hadi zisigongane. Inafaa kujua inachofanya na isichofanya. Inachelewesha kazi, na ukiiruhusu, inazikata vipande. Haiajiri mtu wa pili, haikodi mtambo, haimbadilishi fundi mmoja kwa mwingine, wala haiongezi saa za ziada. Pia haitoi jibu bora kuliko yote, kwa sababu kupanga kazi nyingi juu ya rasilimali chache ni tatizo ambalo hesabu yake hukua upesi mno kadiri kazi zinavyoongezeka, na hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kuhakikisha jibu bora kwa kila ratiba. Programu hufuata kanuni za kukadiria: inaangalia kazi ipi inategemewa na nyingine, ipi ina nafasi ya kuchelewa, ipi inaanza lini, ipi ina kipaumbele gani. Mbinu ya njia hatarishi (critical path), ambayo ndiyo msingi wa ratiba za namna hii na iliyoanza mwaka 1957 katika kazi ya James Kelley na Morgan Walker kwa ajili ya kampuni ya DuPont, ilijengwa juu ya mfuatano wa kazi na muda wake. Kugombania mtambo mmoja ni swali lililoingizwa baadaye, na hadi leo linakaa ndani ya ratiba kama mgeni aliyeongezewa kiti.

Kipaumbele hutolewa kwa namba kutoka 0 hadi 1000. Kila kazi na kila mradi huanza na 500. Namba kubwa ndiyo inayolindwa zaidi, na 1000 ina maana ya pekee: kazi hiyo isiguswe kabisa na usawazishaji. Aliyezoea Primavera P6 awe mwangalifu, kwani huko namba ndogo ndiyo yenye nguvu, na mradi wenye 1 ndio wa kwanza. Niliwatumia wasimamizi watatu ujumbe nikiwaomba kila mmoja anipe namba ya mradi wake. Walinijibu siku ile ile, na wote watatu waliandika 1000. Niliziingiza kama zilivyo, nikabonyeza kusawazisha, na hakuna kazi hata moja iliyosogea.

Siwalaumu hata kidogo. Kila mmoja ana mteja anayempigia simu, na mkataba wenye fidia ya ucheleweshaji inayohesabiwa kwa siku. Kosa lilikuwa langu kuwauliza mmoja mmoja swali ambalo linajibika tu wote wakiwa pamoja. Namba ya kipaumbele haina maana ikiwa peke yake. Ina maana ikiwekwa kando ya namba nyingine, na mtu mwenye mradi mmoja haoni hiyo nyingine.

Basi tulikaa Jumamosi mchana, wasimamizi watatu, mkurugenzi, opereta na mimi. Nilisisitiza opereta awepo, na nilikuwa na sababu. Niliwaonyesha ukutani mstari mwekundu, kisha nafasi ya kuchelewa ya kila mradi. Kibaha ilikuwa na siku 18: hata msingi ungecheleweshwa kiasi hicho, mabati na fremu za milango visingekuwa vimefika. Chalinze ilikuwa na siku 6. Bagamoyo haikuwa na siku hata moja; kila siku ya kuchelewa kuchimba ilikuwa siku ya kuchelewa kukabidhi tangi. Kwa kanuni za programu, Bagamoyo ingepewa mtambo kwanza, kisha Chalinze, kisha Kibaha, na nilikuwa tayari nimeandaa ratiba hiyo.

Opereta aliomba kusema. Alieleza kwamba kalavati la tatu la Chalinze linakaa juu ya kijito ambacho kwa sasa kinavukwa kwa miguu, na kwamba mvua zikianza hakitavukika hata kwa mashine mpaka Juni. Siku 6 nilizozionyesha ukutani zilikuwa za hesabu. Kijito kilikuwa na wiki tatu, kisha miezi mitatu ya kusubiri. Nilikuwa nimeweka kalenda ya masika kwenye uchimbaji wa pale kwa siku chache za kazi kila wiki, kana kwamba kijito hicho ni uwanja wenye tope. Hakuna mtu aliyeniambia tofauti, nami sikuuliza.

Tuliamua Chalinze itangulie, kwa 900. Bagamoyo ikapewa 700 na Kibaha ikabaki na 400. Kisha tukatazama kilichobaki chekundu, siku nane za Bagamoyo, na hapo ndipo hesabu ya fedha ilipoingia. Mkurugenzi alilinganisha gharama ya kukodi eskaveta kwa siku hizo, pamoja na mafuta na kuileta, na fidia ambayo mkataba ungemdai kwa siku hizo hizo nane. Kukodi kulikuwa na nafuu kubwa. Niliongeza kwenye hifadhi rasilimali ya pili, nikaiandika "Eskaveta ya kukodi", nikaipa kalenda yenye siku hizo nane tu, na mstari ukarudi kuwa mweusi. Kama tungeangalia ratiba ya Bagamoyo peke yake, tusingejua kwamba tunahitaji kukodi. Na kama tungekodi kwa hofu bila kuangalia, tungekodi kwa wiki tano.

Kuna mambo mawili niliyoyabadilisha baada ya kikao kile. La kwanza ni safari. Programu iliutoa mtambo Chalinze saa kumi na moja jioni na kuuanzisha Kibaha saa mbili asubuhi, kana kwamba umelala ukiota njiani. Kwa kweli kuna lori la kubebea mitambo, ambalo nalo ni moja, kuna kibali cha kusafirisha mzigo usio wa kawaida, kuna kupakia, na kuna siku nzima inayopotea. Sasa kuhamisha mtambo ni kazi inayojitegemea ndani ya ratiba, yenye muda wake, ikiwa imepangiwa mtambo wenyewe, opereta na lori. Mradi unaopokea ndio unaobeba kazi hiyo kwenye faili lake, na jambo hilo limepunguza sana maombi ya "nipeni kwa siku moja tu".

La pili ni asilimia. Mhandisi wetu wa zege alikuwa amepangiwa asilimia 50 Bagamoyo na asilimia 50 Chalinze, na jumla yake, 100, ilikuwa inaonekana safi machoni pa programu. Lakini hakuna mtu aliyeko Bagamoyo asubuhi na Chalinze mchana kila siku ya Mungu, na siku ya kumwaga zege haiwezi kusimamiwa nusu. Aliponieleza kwamba wiki moja alikaa saa nyingi barabarani kuliko saiti, nilifuta asilimia zote na kumpa siku nzima nzima: Jumatatu na Jumanne upande mmoja, Jumatano hadi Ijumaa upande wa pili, na siku ya zege ikitajwa kwa tarehe. Ratiba ilionekana kurefuka kwa siku nne. Haikurefuka, siku hizo zilikuwepo tangu mwanzo, ila alikuwa akizilipa yeye kwa usingizi wake, na hilo sipendi lirudiwe kwa mtu yeyote anayefanya kazi kwa kufuata karatasi niliyoiandika mimi.

Siku hizi tunakutana kila Ijumaa saa nane mchana, kwa dakika arobaini. Wasimamizi huingiza kazi iliyofanyika hadi mchana huo, mimi hufungua faili kuu, nasawazisha kwenye nakala kwanza, na tunasoma kilichosogea kabla ya kukikubali. Kipaumbele hubadilishwa mbele ya wote au hakibadilishwi. Mwezi uliopita msimamizi wa Kibaha, baada ya kuutazama mstari wa mpima kwa muda, aliomba mwenyewe namba yake ishushwe kutoka 600 hadi 450, kwa sababu aliona kwamba akimchukua mpima Jumanne atawasimamisha vibarua kumi na wawili wa mwenzake.

Wiki hii tumepata mradi wa nne, kisima na mnara wa tangi upande wa Msata. Msimamizi wake ni kijana mwenye bidii, na ameshaniletea faili lake lenye eskaveta kuanzia tarehe 12. Nimemwita tukakaa pamoja, tukaifuta eskaveta yake, tukaunganisha faili na hifadhi, na tukafungua mstari wa Eskaveta Na. 1. Iko Chalinze hadi tarehe 23, na tarehe 24 iko juu ya lori.